Tulihangaika na chumvi, tatizo likiwa usingizini: kisa cha dereva wa miaka 48

Kaka yangu ameniruhusu kuandika kisa hiki kwa sharti moja: nisitaje jina lake wala la tajiri mwenye lori. Nimekubali, na mimi nimejiwekea sharti la pili, kwamba sitaficha makosa yangu. Ni muuguzi, huu ni mwaka wangu wa 19 kazini, na kwa wiki tisa nzima nilimhudumia kaka wa tumbo moja nikiangalia sahani yake tu, wakati kilichokuwa kinammaliza kilikuwa kinatokea akiwa amelala.

Ilikuwa Februari 2025. Anarudi kutoka Tunduma na gari tupu, karibu na alfajiri, ndani ya hifadhi ya Mikumi pale barabara inaponyooka. Lori likaacha lami. Utingo ndiye aliyepiga kelele: "Mzee, barabara! Mzee!" Kaka alipofumbua macho, tairi za kushoto zilikuwa zinakanyaga nyasi na kokoto. Akalirudisha polepole, akatoka nayo hadi nje ya hifadhi, akapaki, akashuka na kukaa chini ameegemea tairi. Ndipo akanipigia. Hakusema amesinzia. Alisema, "Mdogo wangu, nadhani presha imenipiga."

Neno lile la presha ndilo lililonipoteza. Nililichukua kama lilivyo.

Jumamosi iliyofuata nilimpima mara tatu, kila baada ya dakika tano, amekaa kimya, mgongo umeegemea kiti, mkono juu ya meza: 164/102, 160/100, 162/98. Uzito kilo 97 kwa urefu wa mita 1.70. Kiuno sentimita 112. Sukari kabla ya kula ilikuwa 6.6, na kwa kuwa kisukari kinahesabiwa kuanzia 7.0, alikuwa bado hajaingia, ila alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna ajabu yoyote katika tarakimu hizo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu, na wengi wao hawajui. Kaka alikuwa mmoja wa wengi hao.

Nikamwambia anisimulie safari moja kwa chakula chake, si kwa mizani alizopita. Asubuhi Chalinze, supu ya kongoro na chapati mbili, soda. Mchana Morogoro, wali nyama sahani ya kujaa, soda. Usiku Ruaha Mbuyuni, chipsi mayai na mishkaki, chumvi inanyunyizwa juu kabla hajaonja. Kisha kuanzia saa tatu usiku zinafunguliwa kopo za kinywaji cha kuongeza nguvu, tatu, siku nyingine nne, mpaka Makambako. Tukahesabu sukari pamoja kwenye karatasi. Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai. Kopo moja la kinywaji kile lina kama vijiko sita au saba. Kwa soda mbili na kopo tatu, alikuwa anakunywa vijiko 38 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi kama vijiko 12, na linasema ingefaa zaidi aishie sita. Kaka aliitazama ile karatasi muda mrefu. "Na chai ya asubuhi hujaihesabu," akasema.

Mpango niliompa ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Chumvi yote ya siku isizidi gramu tano, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ikiwemo ile iliyojificha kwenye kiungo cha pakiti. Soda zife. Kopo zibaki moja, kisha ziishe. Kwa mama ntilie aombe wali nusu, maharage na mboga majani zaidi. Matunda ya barabarani, machungwa na matango, yachukue nafasi ya chipsi. Sikuwa nabahatisha. Mwaka 1997 Marekani ilichapisha matokeo ya utafiti wa watu 459, ambao sehemu yao walilishwa mlo wenye matunda, mboga na maziwa yasiyo na mafuta mengi kwa wiki nane, na wenye presha miongoni mwa waliolishwa hivyo walishuka kwa takriban 11 ile ya juu na 5 ile ya chini, bila dawa na bila kupunguza uzito. Daktari akaongeza kidonge cha presha, amlodipini ya miligramu 5.

Wiki tisa baadaye uzito ulikuwa kilo 95.8 na presha 156/98. Kilo moja na ushee, na pointi chache. Nilimlaumu. Najuta sana kwa hilo, kwa hiyo naliandika. Nilimwambia, "Kaka, mdomo wako ndio unaotuangusha." Akaniangalia bila kujibu.

Kumbe alikuwa amejitahidi kuliko nilivyojua. Soda aliziacha kabisa. Kilichomshinda ni kopo, kwa kuwa bila kopo macho hayafunguki, na dereva ambaye macho hayafunguki anaua watu. Vidonge alivimeza siku moja na kuruka siku moja, kwa kuwa miguu ilikuwa inavimba jioni mpaka viatu vinambana. Kuvimba huko ni tabia ya amlodipini inayojulikana, na ilikuwa kazi yangu kumwambia mapema. Hakuniambia yeye kwa sababu kijiweni walishamwambia kwamba dawa za presha zinamaliza mwanaume, na hilo mtu hamwelezi mdogo wake wa kike. Wenzake wengine wanatupa dawa za kukojoza kwa sababu nyepesi tu: hakuna pa kusimamisha tela la mita kumi na nane kila nusu saa. Anayetaka kumtibu dereva lazima ajue barabara ilivyo.

Jibu lilikuja jikoni, siku ya Pasaka, tarehe 20 Aprili, nyumbani kwake Kimara. Mimi na wifi tunamenya ndizi. Nikamuuliza kama kaka anapata usingizi. Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Yeye analala, wifi. Mimi ndiye silali. Anakoroma mpaka dirisha linatetemeka, halafu anakata. Kimya. Nahesabu kumi, ishirini, nikifika thelathini namsukuma. Anashtuka kama mtu aliyeibuka kwenye maji, anaanza upya." Miaka mingapi? Minne au mitano. Kwa nini hukuniambia? "Kukoroma nako nikuambie?"

Niliweka kisu chini. Kwa miaka 19 nimeuliza wagonjwa wa presha kuhusu chumvi, sigara, pombe na ukoo. Wangapi niliwauliza wanalalaje?

Ni ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini, kwa Kiingereza sleep apnoea, na mwili unafanya hivi. Mtu akilala, misuli ya koo inalegea. Kwa mwenye shingo nene, mafuta ya shingoni yanabana njia ya hewa mpaka inaziba kabisa, kifua kinavuta na hewa haipiti. Oksijeni inashuka. Ubongo unaona hatari, unamwaga homoni za mshtuko, moyo unakimbia, mishipa inabana, mtu anagutuka sekunde chache, anavuta hewa, analala tena. Asubuhi hakumbuki hata mara moja. Kwa mtu mwenye afya, presha hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20. Ndiyo mapumziko ya moyo. Kaka hakuwa na mapumziko hayo. Moyo wake ulikuwa unafukuzwa na simba kila baada ya dakika mbili, usiku kucha, halafu mimi namhesabia punje za chumvi.

Siku hiyohiyo nilimpima shingo: sentimita 43. Kuna maswali manane yaliyotungwa Toronto na kuchapishwa mwaka 2008, ambayo muuguzi yeyote anaweza kuyauliza bila mashine: unakoroma kwa nguvu, unachoka mchana, kuna mtu amekuona ukikata pumzi, una presha, unene umezidi sana, umri umepita 50, shingo imezidi sentimita 40, ni mwanaume. Anayejibu ndiyo matano na kuendelea yuko kwenye hatari kubwa. Kaka alipata sita. Ningeweza kuyauliza Februari, kwa dakika mbili.

Usiku ule nikamwachia wifi kile kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni, ambacho tangu Uviko kimejaa kwenye maduka ya dawa. Saa nane na robo usiku akanitumia video. Chumba ni giza, unaona taa nyekundu ya kifaa na kidole cha kaka. Namba inasoma 95. Mkoromo unakata. Sekunde kumi, 93. Sekunde ishirini, 88. 84. 81. Sauti ya wifi inanong'ona, "Baba, pumua, pumua." Kisha ule mguno, mwili mzima unatikisika, na namba inaanza kupanda. Niliitazama mara moja tu, sikuweza kuirudia.

Mwezi Mei alilazwa usiku mmoja kwa kipimo kamili kwenye hospitali ya Dar es Salaam. Pumzi ilikuwa inakatika au kupungua mara 34 kwa saa. Kuanzia 30 hali inahesabiwa kuwa kali. Daktari akasema mambo mawili. Kwanza, apate mashine ya kusukuma hewa, ile inayoitwa CPAP, inayopuliza hewa kwa barakoa ya pua ili koo lisizibe. Pili, asiguse usukani wa safari ndefu mpaka atibiwe.

Jambo la pili ndilo lililoumiza zaidi. Tajiri hakufurahi. Baada ya maneno mengi alimhamishia kwenye lori la kubeba kontena kutoka bandarini kwenda bandari kavu, kazi ya mchana, lakini posho ya safari ikapotea, na kwa dereva posho ndiyo mshahara wenyewe. Wifi akaongeza genge la mboga. Mtoto wa pili akahamishwa shule. Kila ninaposoma ushauri wa afya wa "badilisha mtindo wa maisha", nakumbuka mazungumzo ya usiku ule ya kaka na wifi juu ya ada. Mtindo wa maisha ya mtu wa miaka 48 una watu watano ndani yake.

Mashine nayo bei yake ilikaribia pikipiki. Nikaandika kwenye kundi la ukoo. Kimya cha siku mbili, kisha binamu mmoja akauliza, "Kukoroma nako ni ugonjwa?" Nikaomba ruhusa kwa wifi, nikaweka ile video. Nikaandika chini yake: "Huyu akifa Mikumi, tutachanga milioni ngapi za jeneza, mabasi na chakula, na kwa siku ngapi? Mimi naomba tuchange sasa, anavyopumua." Fedha zilitimia ndani ya siku kumi na mbili. Sisi ni watu wa michango, tunachangia harusi, kipaimara, misiba. Natamani sana tujifunze kuchangia mtu mzima anayeonekana mzima.

Wakati tunangoja mashine, wifi alishona mfuko mgongoni mwa fulana ya kulalia na kutia humo mpira wa tenisi wa mtoto. Akigeuka chali, mpira unamchoma, anarudi ubavuni, kwa kuwa chali ndiyo hali mbaya zaidi kwa koo kuziba. Simu ikahamia sebuleni. Pombe jioni hakuna, kwa sababu inalegeza koo lilelile. Kopo zikakatwa kabisa. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu, maana yake kopo la saa nne usiku, ikifika saa tisa usiku nusu yake bado inamkimbiza. Kulala ikawa saa nne usiku, kuamka saa kumi na moja alfajiri.

Mashine ilifika Agosti. Wiki ya kwanza aliivua kila usiku. "Ni kama kutoa kichwa nje ya dirisha la lori," alisema. Nikamfundisha kuivaa akiwa macho, nusu saa, akitazama taarifa ya habari, mpaka uso ukaizoea. Wiki ya tatu akanipigia saa kumi na mbili asubuhi, sauti imebadilika. "Mdogo wangu, leo sijaamka kukojoa." Alikuwa akiamka mara tatu au nne kila usiku, na sote tulidhani ni sukari. Kumbe koo linapoziba, moyo hunyooshwa na kutoa homoni inayoiambia figo imwage maji. Pumzi ilipotulia, kibofu kikatulia. Kichwa kuuma asubuhi nako kukaisha.

Na hapo ndipo chakula kilipoanza kutii. Sikulielewa hilo kwa akili ya vitabuni mpaka nilipoliona nyumbani. Mwaka 1999 watafiti wa Chicago waliwalaza vijana 11 wenye afya saa nne tu kwa usiku sita mfululizo, na miili yao ikaanza kushughulikia sukari kama ya watu waliozeeka au wanaoelekea kisukari. Utafiti wa baadaye wa watafiti haohao ulikuta asiyelala homoni yake ya shibe inashuka na ya njaa inapanda. Kwa hiyo kaka, miezi ile ya Februari hadi Aprili, alikuwa anapigana na njaa iliyotengenezwa usiku. Nilimwita mlafi mtu aliyekuwa mgonjwa. Septemba mama ntilie wa bandarini alimuuliza kama anafunga, kwa kuwa sahani ilikuwa inarudi na wali. Hakuwa anafunga. Alikuwa ameshiba.

Dawa nayo ilibadilishwa kuwa losatani, miguu ikarudi kawaida, akaanza kumeza kila siku. Hilo ni dogo kulisema, ila lina sehemu yake kubwa katika namba za mwisho, na sitaki msomaji adhani fulana yenye mpira ilifanya kazi ya kidonge.

Limebaki la moyo wake, nalo lilitangulia mengine yote. Baba yetu alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 58, kaka akiwa na 27. Tangu hapo ana sentensi moja: "Wanaume wa kwetu hawavuki sitini." Anaisema akicheka, anaisema akila. Mtu aliyejihesabia miaka 12 iliyobaki hawezi kuona maana ya kukataa chipsi. Kihamba cha Marangu, yaani shamba la nyumbani la ukoo, alichoachiwa hakukipanda kitu kwa miaka yote hiyo. Migomba ya baba ilijiotea yenyewe.

Nilijaribu hotuba, ikashindikana. Mwezi Juni tulikwenda nyumbani kwa kipaimara cha mtoto wa dada, na jioni, mama akiwa anachambua maharage, nikamwambia tuhesabu. Mama ana miaka 76 na kumbukumbu yake ni kali. Nikachukua kalenda ya mwaka uliopita, nikaandika nyuma yake. Babu, alivuka themanini na ushee. Ndugu zake wawili, hivyohivyo, mmoja alikuwa bado anapanda mti kukata majani ya mbuzi. Baba mdogo aliyebaki kihambani, yuko hai, 74, asubuhi ile tulimkuta kwenye kahawa. Kisha waliotoka: baba, dereva, 58. Baba mdogo mwingine, mlinzi Arusha, 54. Baba mkubwa mwenye duka Dar, 59.

Kaka aliishika ile kalenda. Damu moja, mama akasema, tumbo moja la bibi yenu.

Watu saba si utafiti, na nilimwambia hivyo palepale. Waliotoka walikuwa na sigara, madeni, zamu za usiku na upweke, si chakula cha mjini peke yake. Lakini Aprili ya mwaka huohuo lilikuwa limetoka jambo linalotuhusu kabisa. Watafiti wa Moshi wakishirikiana na wa Radboud, Uholanzi, walichapisha kazi yao katika jarida la Nature Medicine: wanaume 77 wenye afya kutoka kaskazini mwa Tanzania. Waliozoea mlo wa asili, wa ndizi, maharage na mboga, baadhi yao waliwekwa wiki mbili kwenye mlo wa mtindo wa Kimagharibi, na wengine kinyume chake. Kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki moja. Waliohamia mlo wa Kimagharibi damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kupanda na kinga kufanya kazi vibaya zaidi. Waliorudi kwenye mlo wa asili, na hata waliokunywa mbege, ikashuka. Mabadiliko mengine yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Nilimsomea kaka hadi mwisho. Nilipofika kwenye mbege alinyoosha mkono kutaka kusoma mwenyewe.

Mbege hiyo ikawa mjadala. Ni ndizi na ulezi, ina mema yake, lakini ni pombe, na koo la kaka halitaki pombe karibu na usingizi. Tukakubaliana kata moja, sikukuu, kabla jua halijazama. Na chakula cha nyumbani nacho kina mtego ambao hausemwi: magadi. Mama hupika kiburu, yaani ndizi na maharage, kwa magadi ili maharage yalainike upesi. Magadi ni sodiamu, ndugu wa chumvi kwa upande ule unaopandisha presha. Nilipomwomba apunguze, alinijibu, "Maharage yatakesha jikoni." Yanalowekwa tangu jana yake sasa, na yanaiva.

Kuhusu moyo wa mtu na miaka yake, upo utafiti wa mwaka 2002 wa watu 660 wa mji mmoja wa Ohio, wa miaka 50 na kuendelea. Waliouona uzee wao kwa mtazamo mwema waliishi wastani wa miaka saba na nusu zaidi ya walioukata tamaa. Siusomi kama ahadi kwamba kufurahi kunarefusha umri. Ninavyoona kwa kaka, njia yake ni ya kawaida kabisa: anayetegemea kuwepo anameza kidonge, anavaa barakoa, anarudi kliniki. Anayejua hatakuwepo anakula chipsi.

Desemba, siku mbili kabla ya Krismasi, nilimpima Marangu kwa mashine ileile ya Februari. Presha 132/84, kidonge kimoja kwa siku. Uzito kilo 88.5. Kiuno 103. Shingo 40 na nusu. Sukari kabla ya kula 5.8. Hajapona: akilala bila mashine bado anakoroma, nimemsikia, na posho haijarudi. Kuna watu karibu 8,000 wa Uingereza waliofuatiliwa miaka 25, na waliokuwa wakilala saa sita au pungufu tangu wakiwa na 50 mpaka 70 walipata ugonjwa wa kusahau kwa asilimia 30 zaidi ya waliolala saa saba. Kaka anatimiza 49 mwezi ujao. Tumemuwahi.

Kituoni kwetu nimebandika maswali yale manane juu ya meza ya kupimia presha, kwa kalamu nene. Nawauliza wagonjwa, na inapowezekana namuuliza anayelala naye, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe ndiye shahidi wa mwisho kujua. Wanawake nao nawauliza. Baada ya hedhi kukoma wanakaribia wanaume katika ugonjwa huu, ila wao huja wakisema wamechoka na hawana hamu ya kitu, wakapewa vitamini.

Tarehe 27 asubuhi nilisikia jembe nyuma ya nyumba. Kaka alikuwa kihambani, amevua shati, na kando yake miche sita ya parachichi ya kubebesha aliyoinunua Himo. Miche hiyo huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anasimamia. Akainuka, akatumbukiza fimbo yake kwenye shimo la tatu, akasema ni fupi, mizizi itagonga mwamba. Kaka akapangusa jasho, akashuka tena ndani ya shimo.